DOI, Handle, ARK, PURL au URN: maktaba ichague kitambulisho kipi cha kudumu?

Mkutubi yeyote aliyewahi kushughulika na barua anaielewa nusu ya jambo hili bila kufundishwa. Ofisi ikihama kutoka Kariakoo kwenda Ubungo, nambari ya S.L.P. hubaki ileile, kwa kuwa mwandika barua hahitaji kujua ofisi iko katika jengo gani. Yeye huandika nambari ya sanduku, na posta ndiyo inayojua sanduku hilo ni la nani. Anwani ya kawaida ya wavuti ni kinyume chake. Hiyo hutaja jengo, ghorofa na mlango: jina la kikoa, programu inayoendesha tovuti, folda, kisha jina la faili. Seva ikibadilishwa, programu ikipandishwa toleo au taasisi ikipewa jina jipya, mlango unahama, na tanbihi iliyochapishwa katika tasnifu ya mwaka juzi inabaki kuelekeza mahali pasipo na kitu.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Kabla ya hapo watafiti wa Harvard walikwisha kubaini kwamba takriban nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Ikiwa hukumu ambazo mawakili huzisoma neno kwa neno zimepatwa na hali hiyo, makala ya jarida dogo la chuo haiwezi kutegemea bahati.

Dawa inayotumiwa na maktaba ni kitambulisho cha kudumu, yaani jina la kidijitali lisilobadilika, lililounganishwa na jedwali linaloonyesha kitu chenye jina hilo kiko wapi kwa sasa. Msomaji akibofya, huduma ya kuelekeza hulitazama jedwali na kumpeleka panapohusika. Kitu kikihama, kinachorekebishwa ni mstari mmoja wa jedwali, na viungo vyote vilivyokwisha kuchapishwa duniani huendelea kufanya kazi. DOI, Handle, ARK, PURL na URN zote zinategemea wazo hilohilo moja. Kwa hiyo anayezilinganisha kwa ufundi wake pekee atajichosha bure. Maswali yenye uzito ni nani analitunza jedwali, nani analipa, mwenye kusajili amefungwa na masharti gani, na nini hutokea siku aliyesajili akistaafu. Hata S.L.P. hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hulikosa sanduku lake.

Kwanza ISBN iwekwe kando, maana mara nyingi huingizwa katika mjadala huu. Nambari inayobeba 9966 ya Kenya, au 9976 na 9987 za Tanzania, hutambulisha toleo la kitabu lakini haimpeleki msomaji popote kwenye intaneti. ISSN nayo hutambulisha jarida zima na wala si makala moja ndani yake. Kitabu chenye ISBN kikipigwa skani na kuwekwa mtandaoni bado kinahitaji kitambulisho cha kudumu cha nakala hiyo ya kidijitali.

DOI na Handle: mashine moja, mikataba miwili

Mfumo wa Handle ulianza kazi mwaka 1994 katika taasisi ya CNRI ya Marekani, chini ya Robert Kahn, ambaye pamoja na Vint Cerf ndiye aliyebuni itifaki ambazo intaneti nzima inaziendea hadi leo. DOI ilitambulishwa miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, katika maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, na mwaka 2012 ikachapishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO 26324. Wengi huzizungumzia kana kwamba ni mifumo miwili inayoshindana, ilhali kila DOI ni Handle inayoanza na 10. Chukua mfano wa 10.4314: hicho ni kiambishi awali cha AJOL, huduma ya majarida ya Afrika yenye makao Afrika Kusini, na kinachokuja baada ya mkwaju (/) ni kiambishi tamati cha makala husika. (Wanaisimu wanisamehe kwa kuazima istilahi zao, hapa zimekaa vizuri kuliko neno lolote la kigeni.)

Tofauti ya hizi mbili iko katika ahadi inayotiwa saini. Anayetaka DOI za makala kwa kawaida hujiunga na Crossref, jumuiya iliyoanzishwa na wachapishaji mwaka 2000 na ambayo sasa ina rekodi zaidi ya milioni 150. Mwanachama huwajibika kuwasilisha metadata ya kila makala (maelezo kama kichwa, mwandishi na tarehe), kuweka ukurasa unaoieleza makala hiyo hata kama matini kamili yamefungwa kwa malipo, na kurekebisha anwani kila makala inapohama. DOI ikishasajiliwa haifutwi. Masharti haya yanaonekana kuwa mzigo, lakini ndiyo yanayoipa DOI thamani yake: metadata iliyowasilishwa huingia katika injini za kutafutia makala, katika hesabu za unukuzi na katika programu za kupanga marejeo, kiasi kwamba mtafiti wa Bujumbura au Oslo anaweza kuikuta makala ambayo hakuwahi kusikia jina la jarida lake.

Gharama ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wengi. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kabisa cha uanachama wa Crossref kilikuwa dola 275 za Marekani kwa mwaka, na juu yake dola 1 kwa kila makala mpya. Kwa jarida linalotoa makala kumi na mbili kwa mwaka na lisilotoza wasomaji, fedha hizo si kidogo. Hali ilibadilika Januari 2023, pale Crossref ilipoanzisha mpango wa GEM unaoziondolea ada zote taasisi za nchi zenye uwezo mdogo zaidi kiuchumi. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika mpango huo. Kenya haimo, kwa hiyo mhariri wa Eldoret na mhariri wa Morogoro, ambao kazi yao ni ileile, wanapaswa kupiga hesabu tofauti. Njia nyingine ni jarida kupata DOI kupitia AJOL, bila kubeba lenyewe uanachama na kazi ya kusajili.

Seti za data, ripoti na slaidi za mihadhara zina njia nyepesi zaidi. Zenodo, hifadhi inayoendeshwa tangu mwaka 2013 na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, humpa yeyote DOI bila malipo kwa kitu anachokiweka humo. Ni msaada wa kweli kwa mtafiti mmojammoja. Kwa maktaba nzima, hata hivyo, napendekeza tahadhari: kitu kilichowekwa huko kinakaa huko, na maktaba inakuwa mpangaji badala ya kuwa mwenye nyumba.

Handle isiyo DOI haina masharti hayo ya metadata. Kiambishi awali hugharimu dola 50 kwa mwaka, na ukishakuwa nacho unatengeneza vitambulisho kadiri unavyotaka. Wakutubi wengi wa Afrika Mashariki wanaitumia Handle bila kuichagua, kwa sababu imo ndani ya DSpace, programu iliyotolewa na maktaba za MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002, na ambayo vyuo vingi vya kanda hii vinaitumia kuhifadhi tasnifu. Hapa pana tatizo moja ambalo ningetaka kila msimamizi wa hazina ya kidijitali alitazame leo hii. DSpace ikisakinishwa huja na kiambishi awali cha mfano, 123456789, kinachowekwa ili mfumo ujaribiwe kabla ya taasisi kusajili kiambishi chake. Hazina nyingi hazikufika hatua ya kusajili. Tasnifu zao zina viungo vyenye sura ya Handle halali, na hata ukurasa wenyewe humwambia msomaji atumie kiungo hicho anaponukuu, lakini huduma ya hdl.handle.net haiwezi kumpeleka msomaji popote, kwa kuwa nambari hiyo si ya mtu. Viungo hivyo huonekana kufanya kazi kwa sababu moja tu: bado vinabebwa na jina la kikoa la chuo chenyewe. Siku kikoa kikibadilika, vyote huanguka kwa pamoja.

Kurekebisha kunawezekana. Taasisi husajili kiambishi awali chake, hukiandika katika usanidi wa DSpace, huendesha amri ya kubadilisha rekodi za zamani, na huacha maelekezo yatakayopokea viungo vya 123456789 vilivyokwisha kunukuliwa. Kazi hiyo ni nyepesi hazina ikiwa na tasnifu mia tatu, na ni nzito zaidi ikiwa na elfu kumi.

ARK: ya bure, na yenye kina kwa nyaraka

ARK ilibuniwa mwaka 2001 na John Kunze katika maktaba ya kidijitali ya California. Taasisi hujaza fomu, hupewa nambari yake ya tarakimu tano, na tangu hapo hutengeneza vitambulisho bila ada ya uanachama wala malipo kwa kila kimoja. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa hutumia 12148, na nambari hiyo huonekana katika kila anwani ya Gallica, maktaba yake ya kidijitali. Makumbusho ya Louvre hutumia 53355. Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya vitabu na kurasa za wavuti, hutumia 13960, kwa hiyo msomaji aliyewahi kufungua humo kamusi ya zamani ya Kiswahili iliyopigwa skani amekwisha kukutana na ARK, pengine bila kuitambua.

Kwa hati za kale, picha, ramani na magazeti, ARK inaishinda DOI kwa namna ambayo jedwali la bei halionyeshi. Tuchukue mswada wa utenzi wenye kurasa themanini. Mtafiti hataki kunukuu mswada kwa ujumla wake. Anataka ukurasa wa 37, mahali ambapo mwandishi wa hati za Kiarabu amesahihisha ubeti pembeni. Kwa ARK, mswada hupewa kitambulisho kimoja, na kurasa hutajwa kwa kuongeza mkwaju na nambari nyuma yake. Huduma ya kuelekeza hukipokea kiongezo hicho na kukipeleka mbele kama kilivyo, bila ya maktaba kusajili kurasa themanini mojamoja. Kufanya hivyohivyo kwa DOI kungedai metadata na, kwa asiye katika mpango wa GEM, malipo kwa kila ukurasa.

Jambo la pili ni kwamba ARK humruhusu msimamizi kuanza kabla maelezo hayajakamilika. Sanduku la picha za miaka ya 1950 lisilo na majina ya waliopigwa linaweza kupewa vitambulisho leo, likaelezwa baadaye, na picha iliyothibitika kuwa nakala ya nyingine ikaondolewa. Wanyaraka, yaani watunza nyaraka, huona hali hiyo kuwa ya kawaida katika kazi yao. Wachapishaji wa majarida huiona kuwa vurugu. Wote wana haki, maana vitu vyao si vya aina moja.

Jambo la tatu linahusu makosa ya kunakili. Utaratibu unaopendekezwa wa kuunda ARK hutumia herufi na tarakimu 29 tu, bila irabu na bila herufi l inayofanana na tarakimu 1, na mwishoni huongeza alama moja ya kuhakiki. Irabu zimeachwa ili nambari isijitokeze kuwa neno, hasa neno la aibu. Alama ya kuhakiki hukamata kosa la herufi moja, na pia kosa la herufi mbili zilizobadilishana nafasi, jambo linalosaidia pale mtu anaponakili kiungo kutoka kwenye karatasi.

Upungufu wa ARK ni wa kijamii. Kamati za kupandisha vyeo vyuoni zimezoea kuuliza DOI, na mwandishi anayeonyesha ARK huenda akahitaji kueleza. Hakuna jumuiya itakayoiandikia maktaba barua kwamba kiungo chake kimekufa. Uhuru uleule unaomfurahisha mnyaraka unamwezesha pia mzembe kutengeneza vitambulisho elfu tano na kuvitelekeza.

PURL na URN

PURL ni kongwe: OCLC, jumuiya ya maktaba yenye makao Marekani, iliianzisha mwaka 1995, na mwaka 2016 uendeshaji wake ukahamishiwa Internet Archive. Ni anwani ya kawaida ya wavuti inayomwelekeza msomaji kwenye anwani nyingine, basi. Serikali ya Marekani huitumia kwa machapisho yake yanayosambazwa kwenye maktaba, na msamiati wa Dublin Core wa kuelezea machapisho, ambao wakutubi huufundishwa darasani unakaa chini ya purl.org. Udhaifu wake ulionekana Oktoba 2024, Internet Archive iliposhambuliwa na huduma zake kufungwa kwa siku kadhaa, maana anwani za purl.org nazo zilikwama. Taasisi yenye fundi wake inaweza kuendesha mfumo wa namna hii chini ya kikoa chake yenyewe, lakini ikiwa na fundi huyo, sioni kwa nini isichukue ARK.

URN iliwekewa kanuni mwaka 1997, na tawi lake linalozihusu maktaba za taifa, NBN, likafuata mwaka 2001. Ujerumani na Ufini zinalitumia sana. Wasomi wa Kiswahili hulikuta katika jarida la Swahili Forum, ambalo makala zake zimo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Leipzig zikiwa na vitambulisho vinavyoanza na urn:nbn:de. Kitambulisho hicho peke yake hakibofyeki. Kivinjari hakijui la kufanya nacho mpaka kitanguliwe na anwani ya huduma ya kuelekeza ya nchi husika. Kwa hiyo URN si uamuzi wa chuo kimoja. Inahitaji maktaba ya taifa iliyokubali kuendesha huduma hiyo mwaka hadi mwaka, na pasipo hivyo haifai kupangwa.

Majina yasiyosema kitu

Mfumo wowote utakaochaguliwa, kuna kosa moja linaloweza kuuharibu tangu siku ya kwanza, nalo ni kuingiza maana ndani ya kitambulisho. Mtu huona raha kuandika kifupisho cha taasisi, mwaka na jina la idara, ili nambari isomeke. Majina hayo hayadumu. TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Dar es Salaam iliunganishwa na idara ya Kiswahili mwaka 2009 ikawa TATAKI. Chuo Kikuu Kishiriki cha Muhimbili kilipata hadhi kamili na kifupisho kipya mwaka 2007, na kile cha ushirika cha Moshi mwaka 2014. Kitambulisho chenye jina la zamani hakikatiki kwa sababu hiyo, lakini wakubwa wapya hukiona ni doa, wanaagiza kibadilishwe, na hapo udumu wake unakuwa umekwisha kwa amri ya ofisi. Nambari isiyosema lolote haimuudhi yeyote.

Kuchagua

Jarida la kitaaluma la Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo lichukue DOI, na lisichelewe, maana sababu ya ada imekwisha kuondolewa. Jarida la Kenya lipige hesabu ya uanachama wake lenyewe dhidi ya kupitia AJOL. Likiwa na makala chache kwa mwaka, njia ya pili huenda ikawa nafuu. Anayetumia OJS, programu ya kuendeshea majarida mtandaoni, atakuta nyenzo za DOI zimo ndani yake tayari.

Tasnifu zilizomo katika DSpace zibaki na Handle, kwa sharti kwamba kiambishi awali kimesajiliwa. Sioni faida ya kuzihamishia DOI zote kwa mkupuo. Tena, makala ambayo mchapishaji ameipa DOI isipewe DOI ya pili pale nakala yake inapowekwa katika hazina ya chuo. Nakala hiyo ipewe Handle, na DOI ya mchapishaji iandikwe katika rekodi, ili msomaji ajue kipi ni toleo rasmi.

Miswada, picha, kanda za sauti na magazeti ya zamani yaende kwenye ARK. Hapa sina shaka. Maktaba ndogo isiyo na bajeti yoyote ya vitambulisho nayo ianzie huko, kwa sababu itakachohitaji ni nidhamu ya kutunza jedwali, na nidhamu hiyo ingehitajika hata kama ingelipia.

Baada ya kuchagua, kitambulisho kiingie katika katalogi. Anayetumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, akiandike katika uga wa 024 wa MARC (muundo wa rekodi za katalogi), pamoja na alama inayosema ni DOI, Handle au ARK, na katika uga wa 856 aweke kiungo kamili kinachobofyeka. Kukiweka katika 856 peke yake hufanya programu nyingine zikione kuwa anwani ya kawaida, na kazi yote ya usajili haionekani.

Halafu kuna suala la barua pepe. Tarehe 20 Januari 2015, DOI za dunia nzima zilikwama kwa saa kadhaa, na wala halikuwa shambulio: usajili wa jina la kikoa doi.org ulikuwa umeachwa kuisha muda. Ikiwa mfumo wenye mamilioni ya vitambulisho ulikwazwa na usajili usiohuishwa, maktaba yenye mtu mmoja anayeshughulikia mambo ya kompyuta inapaswa kuhakikisha kwamba taarifa za kuhuisha kiambishi awali, nambari ya ARK na kikoa zinakwenda kwenye anwani ya ofisi inayosomwa na watu wasiopungua wawili, na kwamba tarehe za malipo zimeandikwa katika kalenda ya mhasibu. Katika taasisi nyingi anwani iliyosajiliwa ni ya binafsi ya fundi aliyesakinisha programu, na fundi huyo alikwisha kuhamia kazi nyingine.